Dogo wa Moshi, usikubali huyo fundi akupunguzie pingili za cheni

Aisee dogo simama hapohapo kwanza. Nimesoma uzi wako wote, unatoka Moshi unaenda Livingstone kule Zambia na pikipiki ya cc 250, unauliza tairi gani, mabegi ya pembeni yawe ya bati au ya turubai, karatasi za mpakani, taa za ziada, sijui na kamera ifungwe wapi. Sawa, watu wanakujibu. Ila kule mwisho kabisa umedondoshea kama kitu kidogo tu kwamba fundi ameiona cheni, anasema bado ina maisha, atapunguza pingili mbili na kubadili sproketi ya mbele (lile gurudumu la meno linalovuta cheni), Jumatano anamaliza, Alhamisi alfajiri unaondoka. Na hakuna mtu hata mmoja humu aliyeshtuka! Wakongwe wa barabara mpo mnabishana kamera!

Mi maneno hayohayo niliambiwa hapa Arusha, na fundi mwenye gereji inayojaa pikipiki, mtu anaongea kwa kujiamini mpaka unaona aibu kumuuliza. "Bosi hii cheni ni ya Mjapani, utaizeeka." Akaiosha kwa petroli na brashi ya waya, ikang'aa kweli, akatoa pingili mbili, akavuta tairi nyuma kidogo, akapiga ngumi juu ya cheni kuonyesha ilivyokaza, mi huyo nikatoa hela nikashukuru. Nikaongeza na ya soda. Hiyo ya soda ndo inaniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza. Cheni hairefuki eti kwa sababu chuma kinavutika. Inarefuka kwa sababu pini na bushi (kibomba kinachovaa pini) ndani ya kila pingili zimelika, kila moja imelegea kidogo, ukizijumlisha zote unaona cheni inaning'inia. Ukitoa mbili umefupisha cheni, lakini zilizobaki zimelika vilevile. Ni sawa na suruali imechanika matakoni we unaenda kukata miguu. Afu hapo unaivalisha sproketi mpya mbele, meno yake yamechongwa kwa nafasi ya cheni mpya, yako nafasi zake zimeshatanuka, haikai chini kwenye bonde la jino inapandia juu, kwa hiyo ile sproketi mpya uliyolipia inaliwa kama haijawahi kuwa mpya. Na ya nyuma yenye meno yaliyolala upande mmoja nayo inaendelea kuitafuna cheni. Vitu vitatu hivyo vinazeeka pamoja, vinatupwa pamoja. Seti nzima. Hakuna nusu seti.

Na hiyo petroli nayo ni ujinga mwingine. Kama cheni yako ina zile pete ndogo za mpira pembeni ya pini, zile ndo zinazoshika grisi iliyowekwa kiwandani, petroli na brashi ya waya vinaziua, unabaki na cheni inayong'aa nje na kavu ndani. Tumia mafuta ya taa na brashi laini, futa kwa kitambaa, paka mafuta. Basi.

Ngoja nikwambie ilivyonikuta, na mkicheka chekeni tu, shemeji yenu alishamaliza kicheko chote kilichokuwepo. Nilitoka Arusha mzigo umejaa, mabegi mawili, hema, dumu la petroli, mwenzangu yuko nyuma na ya kwake. Babati safi, zile kona za Kolo safi kabisa, lami nzuri najiona mfalme. Karibu na Dodoma nikaanza kusikia krrr krrr chini ya mguu wa kushoto. Nikampigia fundi. Unajua alichosema? "Inazoea hiyo, paka oili." INAZOEA. Cheni iliyokula miaka inazoea nini? Nikapaka oili. Tukapita Mtera, Iringa nikakuta oili inavuja pale sproketi ya mbele inapotokea, na cheni imelegea sehemu moja, ukizungusha tairi kidogo sehemu nyingine imekaza kama waya wa umeme. Nikavuta tairi nyuma, boliti za kurekebishia zikafika mwisho.

Hiyo ya kuvuja oili nilikuja kuielewa baadaye. Fundi alikaza cheni pikipiki iko juu ya stendi ya katikati, tairi ya nyuma inaelea, haina mzigo. Ukipakia na kukaa, nyuma inashuka, tairi inasogea mbali na sproketi ya mbele, cheni inazidi kukaza. Kwangu ilikuwa inakaza mpaka inavuta shafti ya giaboksi, ikaua sili ya oili na beringi ikaanza kulia. Cheni inatakiwa icheze! Angalia stika kwenye swingamu, ule mkono unaoshika tairi ya nyuma, au kitabu cha pikipiki yako, wameandika milimita ngapi na ipimwe vipi, afu pakia mzigo wako wote, panda, mwambie mtu ashike cheni kwa kidole akuambie kama bado inacheza. Fundi akikwambia cheni nzuri ni ile inayokaza kama gitaa, chukua funguo zako ondoka.

Mbeya nilizunguka maduka ya spea. Cheni za 428 (hiyo ni namba ya saizi) zimejaa, kwa sababu ndo za Boxer na TVS, hizo hata kijijini kwa muuza sabuni unapata. Yangu ni 520. Kila duka ananitazama kama nimeuliza spea ya ndege. Na hapa ndo tunapodanganyana sana humu, mtu anasema "spea utapata njiani, Afrika hii pikipiki ziko kila kona". Ndiyo ziko, BODABODA ndo ziko kila kona. Wa 250 unabeba chako kutoka nyumbani. Kuna mtaalamu mmoja wa kundi letu la WhatsApp, yeye alinihakikishia Lusaka kuna kila kitu. Lusaka! Kutoka Tunduma mpaka Lusaka ni kama kilomita elfu moja, mi nilikuwa nahitaji cheni pale niliposimama.

Nikavuka mpaka hivyohivyo, nikaingia Zambia. Mpika nikapita salama, mbele ya Mpika kuelekea Serenje ni pori na malori, nyumba moja moja. Pale ikakatika. Sikuanguka, Mungu tu. Cheni ikikatika haidondoki barabarani kistaarabu kama unavyofikiri, hii yangu ilijikunja pale sproketi ya mbele ikapiga kava ya injini kwa ndani, alminiamu ikapasuka, oili yote ikamwagika kwenye buti langu na kwenye ekzosi. Maporomoko ya Victoria pale Livingstone, yale wenyewe wanayaita "moshi unaonguruma", sijayaona mpaka leo, moshi pekee nilioushuhudia Zambia ni huo.

Dereva wa lori Mtanzania akaturudisha Mpika. Kule kuna karakana kubwa ya reli ya TAZARA, kwa hiyo mji ule una watu wanaojua chuma kweli, mzee mmoja akanichomelea ule ufa vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila aliponiuliza nani alifunga cheni hii akanionyesha kitu. Ile klipu ya kiungo, kile kibati kidogo kama kisamaki, upande uliofungwa unatakiwa utangulie kule cheni inakoelekea. Yangu mwanya ndo ulikuwa umetangulia. Fundi wa gereji inayojaa. Aliifunga kinyume, na mi nilisimama palepale natazama na soda mkononi.

Cheni ya 520 hatukupata. Kibali cha kuingiza pikipiki Zambia kina tarehe ya mwisho, kwa hiyo ikapandishwa lori mpaka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, karatasi zikagongwa, ikapanda lingine mpaka Arusha. Kuchomelea, malori mawili, kava ya mtumba, beringi, sili, na mwisho wa siku SETI NZIMA niliyoikataa mwanzo kwa sababu ilikuwa laki mbili kasoro. Nilivuka milioni na nusu, na sijahesabu chipsi.

Fundi nilimfuata. Akasema tatizo ni mwendo wangu.

Kwa hiyo Jumatano usipeleke pikipiki kwa huyo jamaa. Na hiyo Alhamisi isogeze mbele, ndiyo nakuambia isogeze, hata kama umeshaomba likizo. Funga cheni na sproketi zote mbili mpya, pakia kila kitu utakachobeba mpaka dumu la maji, nenda Moshi mpaka Korogwe urudi, au njoo huku ushuke Babati. Ukirudi pima tena, kaza kinachotaka kukazwa. Kitu kipya kikiwa na kasoro kitakuonyesha mapema, na bora kikuonyeshe Same kwenye mafundi na simu ya ndugu yako kuliko Serenje. Kitu kilichofungwa jana hakivuki mpaka, iwe cheni, tairi, betri au hizo taa zako.

Kama unabisha kwamba cheni yako ni nzima, chukua futi. Ivute inyooke, pima pingili 20 kutoka pini hadi pini. Ya 520 mpya ni milimita 317 na nusu. Ukikuta imefika 323 hiyo ni ya kufungia mbwa. Au vuta cheni kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma, ikiachana na jino ukaona nusu ya jino liko wazi, hamna mjadala.

Karatasi fasta: pasipoti, leseni, kadi ya pikipiki yenye jina lako (kama ni ya mtu au ya mkopo beba barua ya ruhusa), kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na bima ya COMESA, ile Yellow Card inayokubalika nje ya nchi, ikate huku nyumbani kabla hujatoka. Saa za Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, usifike Nakonde ukadhani mpaka umelala. Mabegi sijui, mi ya turubai yalinitosha. Tairi kuna jamaa hapo juu amekujibu vizuri. Kamera mniache.

Piga picha meno ya sproketi ya nyuma weka hapa leo, kwa karibu, sio ile ya pikipiki nzima na mlima nyuma. Na mwambie fundi cheni ya zamani akurudishie mkononi, asije akaiosha akamuuzia mwingine.