Utafiti wa kichocho kwenye insha ya maombi ya udaktari

SWALI: Nilisaidia utafiti wa kichocho hapa Chake Chake. Sasa naomba chuo cha udaktari Marekani. Niuelezeje? – Msomaji, Pemba

JIBU: AMCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya udaktari Marekani, unakupa herufi 5,300 tu kwa insha nzima, nafasi zikiwemo, kwa hiyo aya moja ya utafiti yatosha. "Tulifanya utafiti" haisemi kitu. Taja kazi ya mikono yako: ulikusanya mikojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai ya minyoo ya kichocho yanapotoka kwa wingi, ukachuja mililita 10, ukahesabu mayai kwa hadubini. Kisha, na hapa ndipo wengi huishia njiani, eleza ulichojifunza kuhusu mgonjwa: mtoto aliyepewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, akirudi kuoga bwawani anaweza kuambukizwa tena. Jina lake usilitaje kabisa. Na usijipe kazi ya mwenzako, mdogo wetu. Kwenye usaili utaulizwa.