Muulize Mzee: Mgambo wa Falkland na bomba la kamera

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni fundi bomba hapa Mwanga, Kigoma. Mwaka jana nilimaliza mafunzo ya mgambo, na tangu hapo kijiweni ni vicheko tu: eti mgambo kazi yake kukimbiza mama lishe. Nikawaambia nilisikia redioni kwamba visiwa vya Falkland vina jeshi la mafundi na wachunga kondoo wanaojitolea. Wakacheka zaidi. Je, ni jeshi kweli? Na Argentina walipovamia, hao watu walifanya nini? Na bunduki wanapewa au wanashika fimbo kama sisi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie wapunguze kicheko, kahawa itawapalia.

Ni jeshi kweli, ila dogo. Visiwa vile viko kusini kabisa mwa Atlantiki, viko chini ya Uingereza, na Argentina inavidai kwa jina la Malvinas. Watu wake ni 3,500 hivi. Mnada wetu wa dagaa pale Kibirizi ukichangamka, unaweza kudhani wote wamehamia huku. Walianza kujiandikisha kwa kujitolea mwaka 1892. Gharama za kikosi hulipwa na serikali ya visiwa yenyewe, si London. Mchana mtu ni fundi au karani, saa ya mazoezi ikifika anavaa sare.

Kuna kisa ambacho sichoki kukisimulia. Septemba 1966 vijana 18 wa Kiargentina waliteka ndege ya abiria wakaenda nayo hadi Stanley, mji mkuu. Kumbe kiwanja cha ndege hakuna! Rubani akatua kwenye uwanja wa mbio za farasi, magurudumu yakazama topeni. Watu wa mjini waliokimbilia kusaidia wakakuta wanaelekezewa bunduki. Ndege ikazingirwa na polisi, wanamaji wachache wa Kiingereza, na hao wa kujitolea. Baridi ikafanya kazi iliyobaki, na kesho yake wakasalimu amri.

Mwaka 1982 mambo hayakuwa mepesi hivyo. Usiku wa kuamkia Aprili 2 Gavana Rex Hunt aliwaita. Waliofika hawakujaza hata basi moja. Wakapangiwa kulinda kituo cha simu, kituo cha redio na mtambo wa umeme. Hapo ndipo wenzako wa kijiweni wanapokosea, kwa sababu wanadhani jeshi ni kukimbia mbele na kupiga risasi tu. Sisi tulipofunzwa Kasulu, mwalimu wetu alitutembeza asubuhi nzima kutuonyesha daraja, kisima na ghala la mahindi, akauliza: funguo za ghala anazo nani? Kuruta mmoja tu ndiye aliyejua. Wengine tulirushwa kichura mpaka adhuhuri, na magoti yangu yanakumbuka.

Asubuhi hiyo ya Aprili 2 Stanley ilianguka. Waargentina wakakipiga marufuku kikosi, wakachukua silaha na vifaa vyake.

Sasa sikiliza hili, wewe fundi bomba. Alikuwepo Terry Peck, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi pale, naye mtu wa kikosi hicho. Aliificha kamera yenye lenzi ndefu ndani ya kipande cha bomba, akawa anazunguka mjini akipiga picha za makombora ya adui. Nani atamsimamisha mtu aliyebeba bomba? Wewe mwenyewe umewahi kusimamishwa? Alipoona watamkamata, akatoroka kwa pikipiki, akajificha mashambani, mwisho akakutana na askari wa miavuli wa Uingereza. Akawaongoza kwa njia alizozijua hadi mlima Longdon, akapigana nao usiku ule wa Juni. Juni 14 Waargentina walisalimu amri.

Mwaka uliofuata kikosi kikaundwa upya. Siku hizi, mbali na mazoezi ya kijeshi, husaidia kutafuta waliopotea milimani, na watu wake wamekuwa wakipanda meli ya doria kama wapiga mizinga, kwa sababu ngisi wa kule ni mali na wavuvi wa mbali huwa na tamaa. Jambo la nyavu za wizi sina haja ya kumfundisha mtu wa Ziwa Tanganyika.

Kuhusu mama lishe, hapo sikutetei. Mgambo wetu ulipanuliwa baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971 ili wananchi walinde nchi, na wakati wa vita vya Kagera mgambo walikwenda mstari wa mbele. Anayemwaga sufuria ya wali wa mjane, sare hiyo kaiazima tu.

Na bunduki? Wenzetu kwa miaka mingi walibeba Steyr AUG ya Austria, wakati Waingereza wenyewe wana ya kwao. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mninga, niliichonga mwenyewe. Iko juu ya kabati hadi leo, mjukuu wangu huishusha kufukuzia kuku wa jirani.