Maswali ya Wafugaji: Chokaa Ipo, Mbona Ganda Laini?

SWALI: Nina kuku 200 wa mayai. Tangu joto la Kaskazi lianze, kila alfajiri naokota mayai yenye utando tu, mengine yanabonyea mkononi. Chokaa ya unga nimeiongeza mara mbili, wapi! Maji ni ya kisima, na juzi niliwapa dawa ya kuhara damu.
– Mfugaji, Kisauni

JIBU: Acha kuongeza chokaa. Ganda moja huhitaji takriban gramu 2 za kalsiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa. Kuku akila gramu 110 za chakula chenye kalsiamu ya asilimia 4, ameingiza gramu 4.4; hata akifyonza nusu tu, zatosha. Kinachopungua ni kaboneti, inayoungana na kalsiamu kuwa ganda, nayo haitoki kwenye gunia. Kuku huitengeneza mwenyewe katika tezi ya ganda, ambako yai hukaa kama saa 20, nyingi zake za usiku. Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho kaboniki anhidrasi, kinachobeba zinki, huunganisha kaboni dioksidi na maji yakatoka bikaboneti, na hiyo ikikutana na kalsiamu ndipo ganda hujengeka.

Maadui wa kazi hiyo unao watatu kwa mpigo. Kuku akihema mdomo wazi hupoteza kaboni dioksidi, na bikaboneti ya damu ikashuka. Maji ya chumvi, na visima vingi vya kwetu vina chumvi, hudhoofisha kimeng'enya hicho kwenye tezi. Ubaya ni kwamba ganda laweza kubaki bovu hata baada ya kubadilisha maji. Tatu, dawa za salfa hukizuia moja kwa moja. Soma kibandiko cha ile dawa. Ikiwa ni salfa, isimamishe, usiuze wala kula mayai, na umuulize daktari wa mifugo siku za kusubiri.

Wape maji matamu, hata ikibidi ya mkokoteni: mitungi mitatu au minne ya lita 20 kwa siku, kivulini. Saa kumi jioni weka kilo moja ya makombe yaliyovunjwa vipande vya milimita 2 hadi 4, kwenye chombo cha peke yake. Vipande hukaa kwenye firigisi vikiyeyuka usiku, wakati ganda linajengwa. Unga hupita mapema. Makombe ya ufuoni yasuuze kwanza, yasije yakakurudishia chumvi ile ile.

SWALI: Je, kalsiamu ikizidi, ovari itatoa viini vingi zaidi?
– Mwanafunzi wa mifugo, Likoni

JIBU: La. Kwenye ovari, kalsiamu hutumika kupeleka ujumbe. Ndani ya seli za granulosa, zinazozunguka kiini, kalsiamu huru ni chache karibu mara 10,000 kuliko nje. Pampu za kwenye utando zinazotumia ATP (nishati ya seli), ambazo zenyewe ni vimeng'enya, huitoa nje au kuirudisha ghalani bila kupumzika. Ujumbe ukifika, kimeng'enya cha fosfolipasi C hukata mafuta ya utando vipande viwili: IP3, kinachofungua ghala la kalsiamu la ndani ya seli, na DAG, kinachoshirikiana na kalsiamu hiyo kuamsha protini kinasi C, kimeng'enya kinachowasha au kuzima protini nyingine.

Homoni ya LH, inayochochea kiini kuchopoka kwenye ovari na ambayo wimbi lake hutangulia kuchopoka huko kwa saa 4 hadi 6, hutegemea zaidi njia nyingine: kimeng'enya cha adenilili saiklasi hutoa cAMP (mjumbe wa ndani ya seli), cAMP huamsha kinasi nyingine, protini kinasi A, na projesteroni, homoni ya ovari, hupanda. Njia hizi mbili hubanana. Kinasi C ikiamshwa kwa nguvu katika seli za kiini kilichokomaa, projesteroni inayochochewa na LH hupungua.

Chokaa ya ziada haifiki huko, maana mwili hulinda kiwango cha kalsiamu huru ya damu. Upungufu mkubwa ndio hufika: pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo itoayo LH, hupunguza homoni zake na kuku huacha kutaga. Ukizidisha, kuku hula kidogo, na fosforasi hufyonzwa kwa shida.