Kilomita chache, mpira mkuukuu

Swali: Nimenunua Mazda MX-5 ya mwaka 1992 iliyotembea kilomita 70,000 tu, bila kumbukumbu za matengenezo. Nianze na nini, na je, matairi yenye meno mazima yanafaa?

Jibu: Kilomita chache zisikudanganye, kwani mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Kwa kuwa hujui mkanda wa taimingi (ule wa mpira unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini) ulibadilishwa lini, mwambie fundi afunge mpya, pamoja na pampu ya maji, maana kazi ya kufungua ni ileile. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa alama inayoanza na DOT, zitafute tarakimu nne: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na tairi la umri huo, hata liking'aa, nisingeliamini kwenye lami yenye maji. Rangi itangoja.