Maswali Yenu: Mgeni wa Kasri la Mfalme wa Uingereza Avae Nini?

Swali: Mama yangu mdogo atatunukiwa nishani Windsor Castle nami nitamsindikiza. Kwenye picha naona wanaume wana makoti ya mkia. Mimi nina suti ya buluu iliyokoza na tuksido. Nivae ipi, au nikodi koti?

Jibu: Vaa suti. Inakubaliwa sawasawa na koti la mkia la mchana, na hakuna atakayekutazama mara mbili. Shati jeupe, tai ndefu, viatu vyeusi vya kamba, umemaliza. Tuksido iache kabatini: ni vazi la jioni, na nishani hutolewa mchana. Makosa mengi ya wageni huanzia hapo hapo, kwa kuchanganya nguo za mchana na za usiku.

Ukiamua kukodi, koti liwe jeusi au la kijivu, lenye kifungo kimoja mbele, na suruali ya kijivu yenye mistari, isiyokunjwa pindo. Shida kubwa ya nguo za kukodi ni kiuno. Suruali hii hukaa juu, usawa wa kitovu, na hushikwa na kanda za mabegani. Ukiivaa na mkanda chini kama jinzi, kizibao (kile kisicho na mikono, cha ndani ya koti) hakiifikii, na shati huchungulia katikati. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, vaa vyote pamoja, keti, kisha inua mikono. Shati likionekana, badilisha suruali kwanza, si kizibao. Kizibao cha safu moja ya vifungo huachwa kifungo cha chini wazi. Cha safu mbili hufungwa. Kofia ndefu usihangaike nayo, ndani ungeivua tu.

Swali: Na mke wangu? Ameambiwa kofia ni lazima.

Jibu: Si lazima kwenye utoaji wa nishani. Akiipenda aivae, na hatatakiwa kuivua ndani kama mwanamume, ila ukingo uwe mwembamba. Aliyeketi nyuma naye amekuja kumwona ndugu yake. Gauni la mchana au suti, hata ya suruali, vyote sawa. Taji la vito na gauni refu la kumetameta ni vya dhifa ya usiku.

Swali: Tumealikwa kwenye karamu ya bustani Buckingham Palace. Mavazi ni yale yale?

Jibu: Karibu yale yale, ingawa huko wanawake wengi huvaa kofia. Cha kuangalia ni viatu. Karamu moja huwa na wageni wapatao 8,000, na saa nyingi ni za kusimama kwenye nyasi. Kisigino chembamba huzama, hasa mvua ikiwa imenyesha. Chagua kipana au soli bapa. Nishani kwa kawaida hazivaliwi.

Swali: Kanzu je?

Jibu: Ruksa, vazi la taifa linakubaliwa kote huko. Livae kamili: kanzu iliyopigwa pasi, joho au koti, na kofia yake. Usilivalie koti la mkia la kukodi.