Barua kwa mwanangu: jibu ambalo halikuandikwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mjukuu wangu, na miaka yake minane, anamaliza ukurasa mzima bila kukwama, lakini akiulizwa swali ambalo jibu lake halimo kwenye maneno yenyewe, anakodoa macho au ananakili sentensi yoyote anayoiona. Unauliza kama ni mzito wa akili.

Hapana. Mtoto huyohuyo akikuona umeingia umekunja uso, hujatoa hata salamu, haombi ruhusa ya kwenda kucheza. Anasubiri. Ameshakisia. Asichojua ni kwamba kazi hiyohiyo inaruhusiwa kitabuni. Amezoea kwamba jibu ni kitu cha kuokota.

Jaribu naye kifungu hiki nilichomtungia:

"Kaka aliingia akiukung'uta mwavuli, akaacha viatu mlangoni. Dada alipomwona tu, alitupa kitabu chini akatimka uani kuanua nguo."

Muulize: nje kukoje? Akijibu kwamba mvua inanyesha, usimsifu ukapita. Mwambie aweke kidole kwenye neno lililomwambia hivyo. "Mvua" hataiona. Kidole kitazunguka, kitatua kwenye "mwavuli", kwenye "akiukung'uta", labda na kwenye "kuanua". Kisha muulize amejuaje kwamba mwavuli unaokung'utwa una maji. Hilo halikuandikwa popote. Amelitoa kichwani mwake. Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Nusu ya jibu iko kwenye karatasi, nusu anayo yeye, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nusu yake inahesabika.

Akisema dada alikimbia kwa kumwogopa kaka, usimwambie amekosea. "Alipomwona tu" ndiyo iliyompeleka huko, naye ameisoma vizuri. Rudini pamoja: mwenye hofu angesimama uani kuanua nguo? Acha kifungu chenyewe kimkatalie.

Hapa mimi nilikukosea ulipokuwa mdogo. Nilikuwa nakwambia, "Fikiri vizuri!" nawe unainamisha kichwa. Maneno yale hayamwonyeshi mtoto pa kuanzia. Afadhali usome wewe kwa sauti, ukifika mahali usimame useme: "Ngoja, mbona ameacha viatu mlangoni? Aa, vitakuwa vina matope." Mjukuu wangu akusikie ukifikiri. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya kumgeuzia yeye maswali.

Kuna na mtego wa lugha yetu wenyewe. "Alipomwona alimkumbatia, akalia." Nani alilia? Ile "a" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na "m" vilevile. Msomaji hana budi kukumbuka nani alitajwa nyuma. Nimeona watoto wakipotea hapo, kisha wakahesabiwa kwamba kisa kizima kimewashinda. Mzoeze kusimama na kuuliza "nani?" Na "ingawa" na "hata hivyo" asizirukie, maana ndizo zinazogeuza mambo.

Vitendawili navyo usiviache. Ukimtegea "Nyumba yangu haina mlango" akajibu yai, muulize kwa nini si jiwe. Utafurahi kumsikia akijieleza.

Sasa lile linalonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 1988 nchini Marekani, watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 kisa cha mechi ya besiboli. Waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo walikielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Sishangai. Mtoto asiyewahi kuona mwavuli angekiona kifungu changu ni fumbo tupu, hata angesoma kwa ufasaha namna gani.

Kwa hiyo nitumie kile kifungu kilichomshinda shuleni, pamoja na maswali yake yote. Nataka kuona kinazungumzia nini. Ikiwa ni jambo ambalo hajawahi kuliona wala kusimuliwa, basi msikisome tena kwanza. Keti naye umsimulie.

Mama yako