Sauti inafanya "tik tik" ukirekodi nyumbani? Usikimbilie kuuza saundi kadi

Nina miaka kadhaa sasa narekodi chumbani kwangu Mbagala, godoro nimeliegemeza ukutani, dirishani pazia zito, na kwa muda mrefu nilikuwa naamini kila tatizo la sauti dawa yake ni kununua kitu. Kuna kelele, nunua maiki. Inakatika, nunua kebo. Hiyo imani ilinitoka siku nimekuja kumrekodi mama mmoja wa kwaya ya mtaani kwetu.

Huyu mama ana sauti nzito ya alto, akishika nota haitetereki. Tulianza saa tatu asubuhi kabla fundi wa kuchomelea jirani hajawasha mashine zake. Teki ya kwanza nzuri mpaka nikasisimka, nikairudisha tusikilize, kwenye hedifoni nikasikia tik. Kidogo tu, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti karibu na sikio. Zikapita sekunde kumi na kitu, tik nyingine, na hii imeangukia katikati ya neno "rehema" kabisa. Tukarudia. Tik. Nikabadilisha kebo, nikahamia tundu lingine la USB, nikaristati kompyuta, tukarudia, tik ileile. Ikafika saa sita, mama kashakunywa maji glasi nne na sauti imeanza kukwaruza, akaniambia taratibu, "Mwanangu, tuje siku nyingine, koo limechoka." Nilimsindikiza mpaka barabarani roho inaniuma kwelikweli. Alirudi wiki mbili baadae tukarekodi vizuri, ila ile teki ya kwanza mpaka leo hajaiimba tena vile.

Sasa sikiliza, maana hapa ndo wengi tunapotea. Ile tik haikuwa maiki wala kebo wala saundi kadi, yaani kile kiboksi kinachopitisha sauti ya maiki kuingia kwenye kompyuta. Ni kompyuta ilikuwa inachelewa.

Chukulia bomba la maji ambalo halifungwi. Sauti inaingia kwa vipande vidogovidogo vinavyoitwa sampuli, 44,100 kila sekunde, inajaza ndoo, na hiyo ndoo ndo tunaiita bafa. Ikijaa lazima prosesa iitoe iweke nyingine papo hapo. Ukiseti bafa sampuli 128, ndoo inajaa chini ya milisekunde 3, ukiweka 256 ni karibu 6, na 512 ni karibu 12. Kama kwenye hizo milisekunde kuna draiva nyingine (programu inayoendesha kifaa fulani cha kompyuta) imeishika prosesa na haiachii, maji yanamwagika, na kile kilichomwagika ndo unakisikia kama tik. Kwa hiyo unaweza ukawa na prosesa ya nguvu, matumizi yanasoma asilimia 15 tu, na bado sauti inakatika, kwa sababu shida siyo nguvu, shida ni nani kaishika prosesa wakati sauti inaihitaji.

Kilichoniokoa ni programu ndogo inaitwa LatencyMon, inapatikana bure kwa matumizi ya nyumbani. Unaiwasha, unaiacha kama dakika kumi huku kompyuta inafanya kazi zake za kawaida, alafu unaangalia ukurasa wa Drivers, unapanga kwa ile iliyokaa muda mrefu zaidi. Kwangu ikawa nyekundu ndani ya dakika mbili, na juu kabisa limekaa faili la ndis.sys. Hilo ni la mambo ya mtandao. Kumbe ni kadi ya waifai! Nikaingia Device Manager nikaizima kabisa, nikarekodi ukimya dakika ishirini nzima, nikasikiliza hedifoni zimenibana masikioni. Hakuna hata tik moja. Baadae nikashusha draiva mpya ya waifai kutoka ukurasa wa watengenezaji wa laptopu yenyewe, hali ikawa nzuri zaidi, ila mpaka sasa hivi nikirekodi mtu waifai nazima tu. Kwako inaweza ikatokea nyingine, mara nyingi ni draiva ya kadi ya grafiki au ile ACPI inayohusika na betri na umeme, ndo maana usikopi dawa yangu bila kupima kwako.

Na kupima kwenyewe, bana, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ile siku na mama nilibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hata kama ingepona nisingejua kilichoponya ni nini. Rekodi ukimya dakika tano, badilisha kitu kimoja, rekodi tena. Kama programu yako ya kurekodia ni FL Studio bonyeza F10, kwenye ukurasa wa Audio kuna sehemu imeandikwa Underruns, hiyo namba ikipanda ujue ndoo imemwagika.

Hapohapo kwenye F10 angalia umechagua draiva gani. Madogo wengi wanaokuja kwangu kuomba msaada wamenunua saundi kadi nzuri tu ila programu bado iko kwenye FL Studio ASIO au ASIO4ALL, wakati kadi yao ina draiva yake yenyewe ya ASIO. ASIO ni mfumo uliotengenezwa na Steinberg wa Ujerumani, ulitoka 1997, na kazi yake ni kuipa programu njia fupi ya kuifikia kadi bila kuzungukia kwenye mikono ya Windows. Zile za jumla zinasaidia kama huna kadi, lakini kama kadi yako ina ya kwake, tumia ya kwake. Kwa kadi nyingi unatakiwa uinstoli draiva kwanza ndo uchomeke kadi, soma karatasi iliyokuja kwenye boksi, usiitupe.

Bafa nayo usiing'ang'anie chini. Kurekodi mimi naweka 128 au 256, kumiksi napandisha 1024 maana pale hakuna anayejisikiliza anaimba. Na kama kadi yako ina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, mwimbaji ajisikie kupitia hapo, hata bafa ikiwa kubwa hatosikia sauti yake inachelewa.

Umeme wa USB ndo unaua watu kimyakimya. Windows ina tabia ya kuzima tundu la USB ili kutunza betri, kwa hiyo weka mpango wa umeme kwenye High performance, alafu kwenye Device Manager fungua kila USB Root Hub, kwenye Power Management toa ile tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa. Na zile hub (vigawanyio vya tundu la USB) za bei ndogo zisizo na chaja yake, usichomekee kadi. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, ukigawana na mausi, flashi na feni, kadi inayotakiwa itoe volti 48 kwa maiki ya kondensa itapata wapi nguvu?

Kuna hii nyingine ilinichanganya sana, unarekodi vizuri, ukirudisha sauti imekuwa nzito na inavuta kama mtu ana usingizi. Hapo kadi iko sampuli 48,000 kwa sekunde na projekti iko 44,100. Wimbo wa dakika 3 unageuka dakika 3 na sekunde 16. Weka namba moja kila mahali, kwenye kadi, kwenye programu na kwenye setingi za sauti za Windows.

Ukisikia muungurumo wa chini usiokatika, "mmmmm", hiyo hata usihangaike na draiva. Chomoa chaja, tumia betri. Muungurumo ukipotea, ujue ni umeme wa nyumba, ambao kwetu ni hezi 50 na ndo hiyo sauti unayoisikia. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au rekodi kwa betri. Ila tafadhali sana usikate ule mguu wa ethi wa plagi kama watu wanavyoshauriana, ule uko pale kwa ajili ya uhai wako na wa mtu aliyeshika maiki.

Apdeti pia zisimamishe siku moja kabla ya kazi. Niliwahi kuwasha kompyuta asubuhi msanii kashafika, nakuta imejiapdeti usiku na draiva ya kadi haisomi, tukapoteza saa nzima na nusu. Tangu hapo faili la kuinstoli draiva ninayoijua inafanya kazi nalitunza kwenye flashi, iko drooni pale pale mezani.

Ukimaliza yote haya na tik bado ipo, beba kadi yako na kebo yake uende kwa rafiki, chomeka kwenye kompyuta yake, rekodi ukimya dakika kumi. Ikitik na huko, basi kadi au kebo ndo mbovu kweli, irudishe dukani kama waranti bado iko hai.